Wifi Waya na Taa ya Cherehani

Homa ilipomwachia fundi cherehani, ilimrudishia kila kitu isipokuwa masikio. Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto waliokwisha kuhama nyumbani, mwenye duka lililosifika mtaa mzima kwa kola zisizopinda. Sauti yake ilibaki. Aliongea kama zamani, pengine kwa nguvu kupita kiasi. Maneno ya wengine aliyasoma midomoni, na midomo ikimshinda, mtu alimwandikia kwa chaki juu ya meza ya kukatia.

Shida ilikuwa mlango. Cherehani ilikaa chini ya dirisha, kwenye mwanga mzuri, na mlango ukawa mgongoni kwake. Wateja walibisha hodi, wakasubiri, wakaondoka wamenuna. "Siku hizi ameota mapembe," walisema. Mmoja asiye na subira akaingia akamgusa bega. Roho ilimruka fundi, na mkasi ukapita katikati ya gauni la bibi harusi.

Gauni alilishona upya. Lakini siku hiyohiyo aliigeuza cherehani ikatazama mlango. Sasa watu aliwaona. Kitambaa ndicho kilichomkimbia, maana kivuli chake mwenyewe kilikaa juu ya sindano. Macho yakaanza kuwasha, mishono ikaanza kwenda upogo. Mumewe, kwa nia njema kabisa, alimshauri apumzike, duka walifunge. Fundi alimpigia pasi shati lake na kuacha mkunjo mmoja mgongoni, makusudi.

Sasa, huyo mume alikuwa na dada, fundi simu, mwembamba kama uzi, ambaye mifuko yake haikukosa nyaya. Watu walimwita Waya. Tangu siku ya harusi yeye na wifi yake hawakupikika chungu kimoja. Walisalimiana vizuri, basi. Ikatokea Waya akaja kubadilishiwa zipu, akamkuta wifi yake amejikunja, pua inakaribia kugusa kitambaa. Akasimama mbele yake, midomo ionekane.

"Wifi, unashona au unanusa?"

"Nashona. Kama huna kazi, pasi ile pale."

Waya hakucheka. Alitazama dirisha, akatazama mlango, akaondoka bila zipu yake.

Aliporudi alikuwa na vibao viwili vya umeme vilivyoenea kiganjani. Akaandika kwa chaki, herufi kubwa: HIKI NI RADA. Kisha akaeleza polepole kwa mdomo na mikono. Kile kidogo hurusha mawimbi yasiyoonekana. Yakigonga mtu anayetembea, hurudi yamebadilika, nacho hutoa ishara. Kile kingine ndicho chenye akili, kompyuta ndogo ya kujifunzia ambayo mtu huiandikia maagizo. Ishara ikija, kitawasha taa ndogo kando ya sindano.

"Kwa hiyo nirudi dirishani?" fundi akauliza.

"Urudi dirishani kwako, mama wee. Hapa unaharibu macho."

Walirudisha cherehani mahali pake, wakafunga vibao juu ya mlango. Taa ikawaka. Haikuzimika. Waya akamwambia fundi asitikisike. Akaganda kama sanamu. Taa inawaka. Wakazima feni. Inawaka.

"Inaona jini," fundi akasema.

Waya, jasho likimtoka, alitoka nje kuchungulia. Ukuta wa pembeni ulikuwa wa plaiwudi, na nyuma yake alikaa kinyozi. Hakuwa na mteja. Alikuwa amefungua redio, na kwa kuwa aliamini hakuna anayemwona, alikuwa anacheza kwa moyo wote, kiuno kimelegea, chanuo mkononi ndilo kipaza sauti. Waya alirudi amejishika mbavu. Kwa kuwa kicheko kilimnyima maneno, akamwigiza. Fundi alitazama kile kiuno chembamba kikihangaika katikati ya duka lake, akacheka mpaka akakaa chini juu ya vipande vya vitambaa. Tangu homa hakuwa amecheka hivyo. Waya akakaa karibu naye, wakafutana machozi kwa kipande kimoja cha satini.

"Kumbe inapenya mbao," Waya akasema alipotulia. "Na inaona mbele na nyuma. Mimi nimeifunga kama taa ya tochi, imulikayo mbele tu."

"Ipe ukuta usiopenyeka."

Fundi akamwaga vifungo kutoka kwenye mkebe wa bati. Waya akaukata, akaukunja ukaikinga rada nyuma na ubavuni, akauacha wazi upande wa nje tu. Kinyozi akatoweka. Wakabaki wapita njia, kila mmoja akiwasha taa. Hapo Waya akaunganisha kompyuta yake na kuandika agizo jipya: ishara ikikatika upesi, huyo anapita, mwache aende zake, ikiendelea, kuna mtu amesimama mlangoni, washa.

Mteja wa kwanza alikuwa mama aliyeleta sketi. Alisimama nje ya pazia la mlangoni, akisitasita kama wengine. Taa ikawaka kando ya sindano. Fundi alinyanyua mguu kwenye kanyagio, akageuka.

"Karibu, mama, ingia. Pazia halina kufuli."

Yule mama aliingia akishangaa. Waya alijifanya anatafuta uzi chini ya meza.

Mume alipokuja jioni aliwakuta wanaongea wote wawili kwa pamoja. Habari ya kufunga duka haikutajwa tena. Baada ya muda Waya alihamishia meza yake ya simu mle dukani. Mpaka leo wanagombania dirisha. Waya anadai skrubu za simu ni ndogo kuliko tundu la sindano, kwa hiyo mwanga ni haki yake. Na fundi, kila asipotaka kushindwa, humgeuzia mgongo ili asione midomo yake.