Mwenzangu wa Kwenye Gemu

Tangu Jumamosi sipokei simu, basi acheni niseme mwenyewe. Mimi ndiye ninayechambua magemu redioni hapa Tabora. Siku hiyo nilikuwa naliponda gemu la wasaka hazina: kofia pana, bunduki, mapango yenye maiti zinazotembea. Linachezwa na watu wawili, na ukiwa peke yako, nilidhani, kompyuta inakupa mwenzako.

"Hadithi yake imechakaa kama vile vijitabu vya bei chee tulivyoazimana shuleni, na hapo sina ugomvi," nilisema kwa madaha. "Lakini huyo mwenzako wa kompyuta ni zuzu! Maadui wanakuja, yeye kasimama kwenye kona ananitazama. Hata mbuzi ana nafuu."

Fundi mitambo alicheka mpaka akajifuta machozi. Nami kichwa kikavimba, nikaruhusu simu ya kwanza.

"Mwangaluka, mdogo wangu."

Kwa salamu hiyo ya kwetu nilimjua hapo hapo. Dada Tedi, aliyeolewa Kaliua. Utotoni kule Itetemia tulicheza msafara kwenye njia ya zamani ya wapagazi, yeye mbele na mzigo wa nyasi kichwani, mimi nyuma nikiokota matunda ya furu. Kila kona alisimama.

"Shikamoo, dada," nilisema, hewani.

"Marahaba. Nami nimelinunua hilo gemu, nikaingia kwenye mchezo wako kimyakimya, mtandaoni, nikushtukize. Huyo mbuzi ni mimi. Nilikuwa nakungoja, maana wewe tangu zamani ukiachwa nyuma unapotea, halafu unalia."