Kifaa cha Dama

Barua ya chuo kikuu ilimkuta Dama Kingi akiosha vikombe katika jiko la ofisi ya wakili, Ndia Kuu. Ilikuja kwa simu, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa povu, Becky, karani wa ofisi, ndiye aliyemsomea. Alipofika kwenye neno "umekubaliwa," Becky alipiga vigelegele hadi wakili Joab akatoka mbio chumbani mwake, kalamu mkononi, akidhani dari limemwangukia mtu.

"Mama Tsofa amepata chuo!" Becky akamwambia.

Wakili akaichukua simu, akaisoma barua tangu mwanzo hadi mwisho kama asomavyo hukumu, kisha akampa Dama mkono. Dama akaupokea na povu lake.

Alikuwa na miaka arubaini na mitatu. Kumi na saba kati ya hiyo aliipitisha katika ofisi ile, akipika chai, akifagia na kupeleka faili mahakamani. Shule aliiacha kidato cha pili, huko kwao Ganze, babake alipofariki. Akaja Mombasa, akaolewa na Kingi, fundi wa mifereji ya maji, wakapanga vyumba viwili Majengo. Mwana wao Tsofa alipoanza sekondari, Dama alikuwa akikaa naye mezani kumsaidia, hata siku moja akajikuta vitabu anavisoma yeye na mtoto kalala. Akajisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne. Mara ya kwanza hisabati ilimwangusha. Mara ya pili akaiangusha yeye. Sasa angesomea ualimu wa Kiswahili na historia, mengi kupitia mtandao, na Jumamosi chache darasani kule Tudor.

Lililobaki lilikuwa kifaa. Zamu yake katika chama cha akina mama cha kuchangiana pesa ilikuwa imefika, na alichopewa kingetosha kununua kimoja, ama laptopu ama tableti.

"Laptopu," alisema wakili. "Hapana mjadala. Huwezi kujenga hoja kwa kidole kimoja."

"Wewe wakili unasema hivyo kwa sababu unakaa mezani kutwa," Becky akamjibu. "Mama Tsofa anakaa wapi? Tableti ataitia kikapuni, atasoma hata akingoja maji yachemke."

Nyumbani, Kingi aliulizwa, akafikiri sana. "Chukua ile isiyoingia maji," akasema.

Dama akaona kwamba kila mmoja anamchagulia kinachomfaa mwenyewe. Asubuhi ya pili akaweka birika mekoni, akatangaza: "Nataka kujaribu. Hata kanzu hupimwa kabla ya kununuliwa. Becky, niazime tableti yako wiki hii. Wakili, wiki ijayo unipe ile laptopu kuukuu iliyolala kabatini."

Becky akamkabidhi tableti papo hapo.

Ikasadifu kwamba chuo kilikuwa kimewapa wanafunzi wapya kazi ya kwanza: kurasa mbili za kujieleza, zitumwe kwa mhadhiri wao, Bi Mutanu. Dama akaziandika kwenye tableti, kwa kidole kimoja, jioni tatu mfululizo, amekaa kwenye mkeka uani. Aliandika juu ya Ganze, juu ya mamake, juu ya sikukuu ambazo ndizo pekee zilizowaletea wali. Macho yalikuwa kwenye herufi za chini. Maneno ya juu hakuyatazama sana. Alipomaliza akabonyeza, kazi ikaenda.

Jibu lilikuja keshoye, naye Becky akalisoma akiwa amesimama kando yake.

"Karibu sana chuoni, Drama King," Bi Mutanu alikuwa ameandika. "Nimeipenda insha yako. Ila nina swali moja. Unasema kila Krismasi mlikula 'wall.' Ulikuwa ukuta wa nani, na mwenyewe hakulalamika?"

Becky alikaa chini sakafuni akicheka. Tableti ilikuwa imewekwa Kiingereza, ikawa kila neno isilolijua inalisahihisha bila kuomba ruhusa. Dama Kingi ikamfanya mfalme wa vituko. Wali wa mamake ikaufanya ukuta.

Dama alisikia uso ukimwaka moto. Kazi ya kwanza, na tayari ashakuwa kichekesho mbele ya mwalimu! Kisha akaisoma tena insha yake, akafika pale penye ukuta, na kicheko kikamtoka chenyewe, kikubwa, hadi akashika meza. Kingi alipoelezwa jioni hakucheka hata kidogo. Aliuliza tu: "Ikiwa wewe ndiwe King, mimi sasa nitakuwa nani?"

Becky aliizima ile tabia ya kusahihisha, na Dama, kwa kuwa alitaka kutenda haki, akaendelea na tableti hadi wiki ikaisha. Haikumnyima mazuri. Ilikuwa nyepesi, na chaji yake ilimfikisha jioni. Alisoma sura nzima ya kitabu cha historia kando ya birika, akikuza maandishi kwa vidole viwili pale macho yalipochoka. Kwa kusoma, alikiri, haina mwenzake.

Laptopu ya kabatini ilikuwa shani nyingine. Uzito wake ulikuwa wa jiwe la kusagia, na ukiichomoa kwenye umeme ilizimika kabla hujamaliza sentensi. Dama hakuweza kwenda nayo Majengo. Ikabidi aitumie ofisini, saa ya chakula cha mchana. Becky akamfundisha vidole vikae wapi. Siku ya kwanza aliandika mistari minne. Siku ya tatu, ukurasa. Siku ya nne akagundua jambo lililomfanya amwite Becky kwa sauti: angeweza kuweka kitabu upande mmoja wa kioo na insha upande wa pili, akasoma huku na kuandika huku, bila kupotelewa na mstari.

"Ni kama kuwa na meza mbili," akasema.

Ijumaa akaiandika upya insha ya Bi Mutanu, wali ukiwa wali, akaona hata mawazo yake yanakwenda kwa mwendo mwingine. Kwenye tableti alikuwa akifupisha kila kitu ili kidole kipumzike. Hapa aliacha mamake aseme maneno yake yote.

Jumamosi walikwenda Makadara, yeye na Kingi, katika duka la Mzamil, kijana auzaye simu na kompyuta.

"Sabalkheri, mwanangu," Dama akasema.

"Sabalkheri, mamangu. Karibuni, ingieni. Wamtafutia mwana wa shule?"

"Najitafutia mimi. Nimeingia chuo kikuu."

Mzamil akatabasamu. "Mashallah! Basi ngoja nikupe kitu." Akaleta laptopu pana inayong'aa, ya kuchezea michezo, taa zikiwaka chini ya kila herufi.

"Hii ni ya disko," Dama akasema. "Nipe ndogo, ambayo betri yake haijachoka. Na unipe kiti nikae, nataka kuandika."

Mzamil akaleta tableti yenye kibodi ya kubandika. "Hii ni mbili kwa moja, mamangu. Wasoma, waandika."

Wazo lilikuwa zuri, na Dama akalipa nafasi. Aliiweka mapajani, akaanza. Kwenye mstari wa pili tableti ikalala chali. Akaisimamisha, ikalala tena. Kingi, aliyezoea vitu visivyokaa sawa, akainama kuiangalia nyuma. "Haina mguu wa maana," akasema. "Yahitaji meza."

"Na meza yangu ni magoti," Dama akajibu, akairudisha kwa upole.

Ya tatu ilikuwa laptopu iliyokwisha kutumika, ndogo, ya kijivu, kona moja imekwaruzika. Dama akaifungua, akaweka vidole mahali pake na kuandika bila kutazama chini: *Naitwa Dama Kingi. Nimezaliwa Ganze. Nasomea ualimu.* Wateja wawili wakaacha kutazama simu, wakamtazama yeye. Aliuliza betri hudumu saa ngapi, akataka iachwe bila waya akiendelea kuandika. Baada ya nusu saa bado alikuwa anaandika, sasa habari za mamake, Kingi ashakunywa kahawa ya pili, na Mzamil amekaa karibu akisoma.

"Mamangu, huyu mamako alikuwa hodari," alisema.

Mwisho Dama akaizima, akaitia kikapuni pamoja na chupa ya chai na leso yake, akakiinua kikapu na kutembea nacho hadi mlangoni na kurudi.

"Hii," akasema.

Muhula wa kwanza haukuwa mteremko. Kulikuwa na siku za bando la mtandao kuisha katikati ya somo, na siku za Dama kuona aibu kuuliza swali mbele ya vijana wa umri wa Tsofa. Usomaji aliufanya kwa simu, kando ya birika, na uandishi kwa laptopu, magotini. Insha yake kubwa ilikuwa juu ya namna watu wa Mombasa wanavyoamkiana, kurasa kumi na moja pamoja na marejeo. Aliimalizia ofisini Jumamosi moja, adhuhuri. Akaisoma yote mara mbili kwa sauti, Becky akisikiliza, kisha akaituma.

"Na sasa?" Becky akauliza.

"Sasa nina njaa."

Wakafunga ofisi, wakatoka hadi Makadara, wakala viazi karai kwa ukwaju wakiwa wamesimama, vidole vyote kumi vya Dama vikichuruzika.