Leo nimekaguliwa bustanini

Leo nimekaguliwa kama mfanyakazi wa halmashauri, na mimi nilikuwa nafagia chupa tu.

Nimetoka kwetu Nakwa na Glory wangu, ana miaka mitatu, anataka bembea. Kufika bustani ya mjini, vipande vya chupa kila mahali. Mzee aliyekuwa anaitunza alihamishiwa kufagia stendi, na hajaletwa mwingine. Nikachukua fagio lake aliloliacha pale, nikaanza kufagia chini ya bembea.

Mara gari likasimama. Akashuka afisa na daftari.

"Mama, sare yako iko wapi?"

"Shikamoo baba. Mimi sio mfanyakazi, nimeleta mtoto."

"Marahaba. Basi kwa kuwa wewe ndiye uliyepo, saini hapa kwamba nimekagua na bustani iko salama."

Jamani, nilichoka. Fagio mkononi, mtoto ananivuta gauni, halafu nasainishwa.

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: Mnyororo wa bembea umelika, utaumiza mtoto. Mama Glory.

Akasoma. Akaenda kuuvuta, ukakatikia mkononi mwake.

Akamwita dereva, wakaifungua bembea, wakaipakia kwenye gari.

"Tutaitengeneza, mama."

"Na wa kufagia je?"

Akanirudishia daftari. "Andika na hilo."

Nimeandika, na mimi naamini watasoma.

Ila Glory amelia mpaka nyumbani. Anasema nimempa yule baba bembea yake, na amekataa uji wangu.

Wenzangu, mngefanyaje?