Tangi la Mwangalizi Hoekstra

Maisha yake yote ya kazi Verlyn Hoekstra aliuza mazulia, na hakuna zulia aliloliuza bila kulisifu kuliko lilivyostahili. Alipostaafu, sifa hizo alizihamishia kwake mwenyewe. Alinunua trela la kulala, refu na jeupe, akalikokota mpaka kambi ya matrela ya ziwani kaskazini mwa Michigan, na kabla kiangazi cha kwanza hakijaisha alikuwa ameshapata kazi ya uangalizi.

Kazi yenyewe haikuwa na mshahara. Mwangalizi hupewa nafasi ya kuegesha trela ufukweni, umeme wa bure na kigari kidogo cha kuzungukia kambi. Verlyn angeweza kuishi bila umeme. Alichopenda ni kigari. Alikisimamisha mbele ya kila trela, akamweleza mwenyewe makosa yake: mpira wa maji umejikunja, breki hazijafungwa, tangi la maji ya kunywa halijaoshwa. Hilo la tangi ndilo aliloling'ang'ania zaidi.

"Mimi langu naliosha kila Aprili," alikuwa akisema. "Linang'aa kama sahani."

Kila Jumamosi asubuhi alipika kahawa kwa maji ya tangi hilo, na mkewe Arlene akaigawa kwa majirani pamoja na maandazi ya mdalasini. Watu walikunywa. Ni vigumu kumkatalia mtu anayekukaba kwa ukarimu.

Julai mwaka jana nusu ya kambi iliumwa tumbo. Bi Dombrowski, mwenye kambi, alipima kisima cha kambi, akakikuta safi. Basi mwaka huu, kambi ilipofunguliwa mwezi Mei, theluji ikiwa bado imelala chini ya misonobari, alitoa amri: kila mtu aoshe tangi lake, na mwangalizi aanze, mbele ya watu. Asiyeweza kuosha lake hataangalia ya wenzake.

Verlyn alifurahi. Alivaa glavu mpya.

"Jamani, sogeeni," alisema. "Mambo haya hamyaoni kila siku."

"Tunaomba iwe hivyo," akajibu Toivo Lahti, jirani yake, ambaye ile Julai alishinda siku mbili karibu na choo.

Verlyn alijilaza chini ya trela kutafuta koki ya kumwagia maji. Alipapasa kushoto kwa muda mrefu.

"Iko upande wa pili, Verlyn," Arlene alisema.

"Najua iko wapi."

Hakujua. Hatimaye aliipata, akaifungua. Maji yalianza kutoka meupe, yakageuka rangi ya chai ya jana, kisha ukaanza kuteremka ute wa kijani, vipande virefu vilivyoning'inia kwenye koki kabla ya kudondoka. Harufu ilikuwa ile ya maji ya maua yaliyosahauliwa baada ya mazishi. Watu waliokuwa wamesogea wakarudi nyuma.

"Madini," Verlyn alisema akiwa bado amelala chini. "Kisima kina chuma."

"Kisima changu kimepimwa," Bi Dombrowski alisema. "Tangi uliliosha lini?"

"Kila Aprili."

"Aprili ya mwaka gani, mzee?" Lahti aliuliza, na watu wakacheka.

Verlyn alitoka chini ya trela, magoti yamelowa. Alifanya kile alichozoea kufanya mteja alipolitilia shaka zulia: alimwita shahidi.

"Mama, hebu waambie. Wewe unayanywa maji haya kila siku. Umewahi kuumwa?"

Arlene alifikiria kidogo kumtetea kwa uongo, kisha akaona haina maana.

"Mimi siyanywi hayo," alisema. "Nanunua ya chupa mjini. Yako chini ya kitanda."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyochungulia tangi."

Hapakuwa na kicheko safari hii. Lahti alimtazama mama huyu aliyemmiminia kahawa Jumamosi zote.

"Na ile kahawa yetu, mama?"

"Kahawa anapika Verlyn. Mimi nagawa vikombe tu."

Alilisema hilo kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza mgawanyo wa kazi. Sijui nani alistahili kudharauliwa zaidi: aliyepika bila kujua au aliyegawa akijua. Maandazi, kwa kweli, yalikuwa mazuri.

Verlyn alirudi kazini kwa kishindo. Alileta dumu la klorini ya kufulia, ile nzito yenye sabuni na harufu ya maua.

"Hiyo ya manukato siyo," Bi Dombrowski alisema. "Inatakiwa klorini tupu. Robo kikombe kwa galoni kumi na tano za maji."

"Nikiua vijidudu, naua kweli," Verlyn alisema, akamimina dumu zima.

Alijaza tangi, akawasha pampu, akafungua bomba la jikoni. Lilitema povu. La bafuni likatema povu. Povu likafurika sinki, likateremka ngazi za trela, na Verlyn akalifukuza kwa taulo.

"Kesho, ukimaliza kusuuza, utahama ufukweni," Bi Dombrowski alisema. "Ufunguo wa kigari nipe sasa hivi."

"Si ulitaka nilioshe mbele ya watu? Nimeliosha."

"Nilitaka kujua kama unaweza."

Verlyn aliutoa ufunguo mfukoni, akaushika kidogo kabla ya kuuachia. "Utajuta. Nani atawaelekeza watu?"

Bi Dombrowski alitafuta mwangalizi mwingine kwa wiki moja, akachoka kutafuta, akakiegesha kigari bandani. Watu walifunga breki zao, wakanyoosha mipira yao ya maji, wakaosha matangi yao. Kiangazi chote kambi haikuwa na mwangalizi, na katika wakazi wake wote ni mmoja tu aliyeona kwamba kuna kitu kimepungua.