Oili Iliyoongezeka

Wakati petroli ilipokuwa ngumu kupatikana, nilikuwa naamka nikiwa nimechoka tayari. Nilikuwa nabeba abiria kwa pikipiki, kazi ambayo huku Malawi wanaiita kabaza, kati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, barabara kuu na mji wa Dowa Boma. Kupata mafuta nilipaswa kwenda hadi Lilongwe, nipange foleni kituoni tangu asubuhi, nisukume pikipiki hatua moja, nisimame, nisukume tena. Kuna siku nilifika kwenye pampu wakatuambia yamekwisha.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani. Tulikuwa tunaiendesha wawili, mimi na jirani yangu Mrundi, kila mmoja na zamu yake, mpaka jina lake lilipotoka kwenye orodha ya wanaohamishwa na yeye na familia yake wakapelekwa kuanza maisha katika nchi ya mbali. Asubuhi ya kuondoka alinipa ufunguo, akaniomba niitunze, akapanda basi. Sikuwahi kufikiria kuiuza. Ilikuwa inatulisha.

Ikaanza kuvuja. Kwanza ilikuwa tone moja moja la oili chini ya injini, na mimi nikaweka kopo. Kisha nyumba ikaanza kunuka petroli. Nyumba yetu ni vyumba viwili vya matofali mabichi. Pikipiki ilikuwa inalala chumba cha mbele kwa sababu ya wezi, na mvua ikinyesha chumba hicho hicho ndicho jikoni. Mke wangu alivumilia harufu ile kwa muda. Watoto walipoanza kulalamikia kichwa kuuma, hakuvumilia tena. Jioni moja ya mvua nilirudi nikamkuta amesimama mlangoni, mbabula yake ya makaa imewaka nyuma yake.

“Papa, leo hapana,” akasema. “Moto na moto hazilale mu nyumba moja.”

Sisi watu wa Kivu, huko Kongo, pikipiki tunaiita moto, kwa hiyo neno lake lilikuwa na mzaha ndani, lakini uso wake haukuwa na mzaha. Nilitaka kumjibu kwamba nimefunga koki ya petroli, kwamba nimechoka, kwamba nje wataiiba. Niliifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza, na tangu siku hiyo usingizi wangu ukawa wa kusikiliza tu.

Nilimpelekea fundi mmoja wa mtaa wa Area 25 huko Lilongwe, Mmalawi mpole aliyekuwa na kazi nyingi. Aliitazama akiwa amesimama, akaona oili imelowanisha ubavu wa kushoto, akasema ni gasketi ya kifuniko. Akaibadilisha. Siku chache injini ilikaa kavu, nami nikaanza kulala. Kisha oili ikarudi, safari hii nyingi kuliko mwanzo. Nilipomrudia aliniambia injini za umri ule hutoka jasho kama watu, akasema zikomo, asante ya Kichewa, akainamia pikipiki nyingine. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Nilizoea. Nilikuwa natembea na kitambaa mfukoni, nafuta kabla abiria hajapanda, nafuta tena akishuka. Ndivyo uchovu unavyofanya kazi: jambo linakuwa baya polepole, na wewe unasogea nalo.

Halafu ikatokea Jumapili ya kwaya. Kanisa letu lilialikwa kuimba Dowa Boma, na wanakwaya waligawanyika kwenye pikipiki zetu. Mimi nilimbeba mama mmoja mjane, mwimbaji wa sauti ya kwanza, anayeuza mboga sokoni. Walikuwa wameshona sare mpya, blauzi ya buluu na sketi nyeupe. Alikaa upande, ameshika sketi yake kwa mkono mmoja ili vumbi lisiiguse. Njiani hatukuzungumza sana. Aliniuliza kama watoto wamepona mafua, nikamwambia wamepona.

Tulipofika alishuka, akatembea hatua kadhaa, na wenzake wakaanza kumtazama miguuni. Oili ilikuwa imerushwa na cheni, ikamchafulia sketi nyuma kuanzia pindo hadi karibu na goti, matone meusi yaliyosambaa. Nilikimbia na kitambaa changu. Kitambaa chenyewe kilikuwa na oili. Akaniambia niache. Waliimba, na yeye ambaye huwa mstari wa mbele alisimama nyuma kabisa, ukutani. Ibada ilipoisha nilimngoja nje mpaka watu wakaisha. Alikuwa ameshapanda minibasi.

Siku iliyofuata mimi na mke wangu tulikwenda kwake kumwomba msamaha na kuomba sketi tuifue. Alitukaribisha, akatupa viti, akatuletea maji ya kunywa. Sketi alikuwa ameshaifua yeye mwenyewe. Ilikuwa kwenye kamba, na alama zake zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu. Mke wangu alianza kusema maneno mengi ya kuomba radhi. Yule mama akamkatiza kwa upole, akanitazama mimi.

“Sikukasirika, papa,” akasema. “Nilitaka tu siku moja nionekane safi.”

Tulirudi nyumbani. Nilipofika nilisimama mbele ya pikipiki, nikajua sitabeba mtu tena mpaka nijue inavujia wapi.

Kosa langu, na nadhani la yule fundi pia, lilikuwa kutazama pale tone lilipoangukia. Oili ikitoka juu hushuka kwenye mapezi ya injini, upepo wa safari unaisukuma nyuma, vumbi linaibeba, na mwishoni inaning’inia mahali ambapo hapana kosa lolote. Kwa hiyo nilianza kwa kuosha. Niliisugua injini nzima kwa brashi na sabuni ya unga mpaka nikaona chuma ambacho sikuwahi kukiona, nikaiacha juani ikauke. Kisha nikahitaji kitu cheupe cha kunyunyizia, ili unyevu wowote ujionyeshe. Nilitaka kuchota unga wa nsima, ugali wa huku. Mke wangu akanitazama, akaenda ndani akaleta poda ya mtoto.

Nilipaka poda injini yote, nikaenda hadi barabara kuu na kurudi. Nilitegemea kuona mstari mmoja uliolowa. Niliona mingi. Ilikuwa imetoka kwenye kifuniko cha juu, kwenye mhimili wa gia, nyuma ya gia ndogo inayovuta cheni, hata kwenye gasketi mpya. Nilikaa chini kwenye udongo. Kama kila mahali pamekufa, nilifikiri, basi injini yote imekufa, na mimi nimemaliza.

Mke wangu alikuwa amechuchumaa kando yangu. Alikuwa ameshanisikia mara nyingi nikisema pikipiki inapimwa oili yake kwa kijiti, kama mpishi anavyopima mafuta chunguni. Akaniambia nipime kwanza tujue imepoteza kiasi gani. Nikafungua kijiti, nikakifuta, nikakichovya, nikakitoa. Oili ilikuwa juu ya alama. Nikafuta, nikarudia. Juu ya alama.

“Uliongeza?” akauliza.

Nikamwambia sijaongeza tangu gasketi ibadilishwe.

“Sasa inavuja, na inaongezeka?”

Akakichukua kijiti mkononi mwangu, akakinusa, akanirudishia nami ninuse. Ilikuwa ni petroli. Oili ile ilikuwa nyepesi kama maji ya chai, inakimbia kidoleni badala ya kushika.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kufuata njia. Niliifunga koki ya tangi, nikavuta mpira ulio chini yake, nikautumbukiza kwenye kikombe. Koki iliyofungwa ilikuwa inadondosha, polepole, bila kuacha. Nikafungua kabureta. Ndani kuna boya dogo. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma kipini kinachofunga tundu. Ncha ya kipini ilikuwa imelika, imeacha mfereji mzunguko mzima. Na ule mrija wa chini, ambao ungemwaga petroli iliyozidi nje ili mtu aone, ulikuwa umezibwa na udongo wa nyigu. Kwa hiyo kila pikipiki ilipolala, petroli ilipita kwenye koki, ikapita kwenye kipini, ikakosa pa kutokea, ikaingia kwenye silinda na kushuka hadi tumboni mwa injini. Huko iliyeyusha oili na kuijaza mpaka ikatafuta kila upenyo. Petroli ile ile niliyoipangia foleni juani kutwa.

Nilidhani nitafurahi. Nilihisi tu magoti yanauma.

Kesho yake nilipanda minibasi kwenda Biwi, mtaa wa Lilongwe, kutafuta kipini na koki. Biwi tuliishi miaka mingi, nikiuza sukari na sabuni kwenye kiduka kidogo, kabla wakimbizi wote hatujaambiwa turudi kambini. Nilipita mbele ya kiduka hicho. Sasa wanauza vocha na chaja za simu, na ukuta wamepaka rangi ya kijani. Kijana wa mle ndani alinisalimu kwa Kichewa, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia sitaki kitu, nikaendelea na njia. Vipuri nilivipata mtaa wa pili; koki haikuwa mpya, tuliijaza petroli pale pale tukaitazama mpaka tukaridhika.

Nilifunga kila kitu mwenyewe, nikamwaga oili iliyoharibika, nikaweka nyingine, nikazibua mrija kwa waya. Nikapaka poda tena, nikaenda, nikarudi. Injini ilikuwa nyeupe isipokuwa duara dogo kwenye mhimili wa gia. Hilo nililiacha, ni jasho kweli, oili yenye afya, na kitambaa kinalitosha. Mke wangu aliinama, akanusa kuanzia tangi hadi chini, kisha akafungua mlango wote na kusogeza viti.

Niliiingiza ndani. Akaniambia ninawe, nsima inakaribia kuiva. Nikasema nitajinyoosha kidogo tu. Nilipoamka palikuwa pamekucha, watoto wanaoga nje, na sahani yangu ilikuwa pembeni ya mkeka imefunikwa kwa sahani nyingine. Nsima ilikuwa imepoa na kukauka kingo. Niliila hivyo hivyo, nimekaa pale pale nilipolala.