Lawa ya Athok

Mwaka ule wa 2008 nilikuwa mpishi katika hoteli ya makontena pale Buluk, mjini Juba, na Athok ndiye aliyekuwa akifua mashuka na kutandika vitanda. Alizaliwa Bor, akakulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na baadaye Nakuru, akarudi kwao Sudan Kusini baada ya mkataba wa amani akiwa na Kiswahili kitamu kuliko changu mimi Mkisii. Mumewe, Ngor, aliendesha lori la tajiri mmoja kutoka mtaa wa Sherikat, leo yuko, kesho hayuko. Nyumba ilisimama kwa mshahara wa Athok.

Ndiyo maana aliponiambia ana mimba, hakuwa na furaha. Alininong'onezea huku akikamua shuka, macho yakiwa mlangoni.

"Dada Jacinta, niko na mimba. Tafadhali usiambie mtu."

Nilijua anaogopa nini. Virginia wa mapokezi alifukuzwa mara tu tumbo lilipoonekana. Meneja wetu, Ronald, Mkenya mwenzangu anayevaa tai hata jua liwake vipi, alisema hoteli si zahanati. Neno lile lilinikera na nikamwambia. Mimi hakunifukuza kwa sababu alipenda chapati zangu.

Basi Athok akaanza kufunga lawa juu ya yunifomu, ile shuka ambayo wanawake wa Kidinka hufunga fundo begani ikaning'inia hadi magotini. Tumbo likapotea humo. Ronald alipoiona nilidhani mambo yameharibika, kumbe alifurahi. Akasema wageni wanapenda utamaduni, na kuanzia wiki iliyofuata kila mwanamke wa hoteli avae lawa. Hata mimi nikafungwa fundo begani, pindo likiingia kwenye mchuzi kila nikiinama. Athok alicheka hadi akakaa chini.

Lakini lawa haibebi mashuka yaliyolowa maji. Miezi ilivyosogea, alianza kuhema akipanda ngazi za makontena, na asubuhi moja aliteleza bombani, karai likaenda huku na yeye kule. Nilimwinua nikiwa na hasira zangu zote. Dada yangu alikuwa amenipigia simu kutoka Kisii kunisimulia sheria mpya ya kazi ya Kenya, kwamba mama akijifungua anapata likizo ya miezi mitatu. Nilimshika Athok mkono tukaenda ofisi ya serikali ya mambo ya kazi.

Tulipokewa na mzee mmoja, Gaetano, aliyekuwa akinywa chai. Nikamwaga sheria yote ya Kenya, na pale nilipokuwa sijui nikajaza mwenyewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ya binti," akasema kwa Kiswahili chake chenye Kiarabu ndani, "hapa iko Juba. Sheria ya Kenya wacha ikae Kenya."

Athok akainuka. "Si nilikuambia, dada? Twende tu."

"Kaa chini, mama. Nani aliwaambia hapa hakuna sheria?"

Tukatazamana. Hakuna aliyetuambia. Sisi wote tulioshuka kutoka Kenya, wenyeji kwa wageni, tulikuwa tumekubaliana wenyewe kwamba Juba ilianza siku tuliyofika sisi.

"Mama mwenye mimba hafukuzwi," mzee akaendelea. "Anapumzika, mshahara yake inaendelea, anarudi kwa kazi yake. Nyinyi iko hapa, lakini sheria munatafuta Nairobi." Akacheka, akasema kesho atakuja mwenyewe.

Alikuja kweli. Ronald alituita wanawake wote mbele ya hema la kulia chakula, na Gaetano akarudia maneno yale yale kwa utaratibu.

"Mzee, mimi nilidhani huku bado hakuna sheria ya kazi," Ronald akasema, akilegeza tai.

"Hata wewe?" Gaetano akaniangalia. "Khalas, basi. Kuna mama mwenye mimba hapa?"

Nilimwona Athok ameshika fundo la begani. Nilijua Gaetano angesema yake aende, na Ronald angebaki. Athok alilifungua. Lawa ikaanguka miguuni, na tumbo likasimama mbele ya meneja bila kujificha.

Halafu kando yake Amer, msichana mpole wa mezani ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika, akafungua fundo lake. Tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko la Athok. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Ronald akavuta kiti akakaa. "Kuna mwingine?" akauliza, akitazama tumbo langu mimi.

"Hili ni la chapati," nikamjibu.

Gaetano ndiye aliyeanza kucheka, kisha Ronald mwenyewe, na mbele ya mzee yule akasema hakuna atakayefukuzwa. Athok alilia begani kwangu kwa muda mrefu, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na mimi nikalia naye bila aibu.

Alijifungua msichana, akapumzika, akarudi kwenye mashuka yake. Siku ya kwanza Ronald alimsalimia vizuri, akamuuliza mtoto anaendeleaje, halafu akauliza mbona hakuvaa lawa, wageni wanaiulizia.

"Iko nyumbani," Athok akasema. "Mtoto ameilalia."