Picha Imeingia kwa Mama Daniella

Mukwe wangu Cirimwami anafunga parabole, zile sahani za televizio. Ni mutu wa upande wa Bukavu, mwembamba, mwepesi wa kupanda. Alimuoa mutoto wangu Umwiza. Wanakaa nami hapa Ndosho, kartie moja ya muji wa Goma, tangu mama yake Umwiza alipotuacha.

Mimi sipendi kumuona juu ya paa. Muke wangu huyo, Mukamugema, aliuawa na radi kule Kalengera, shambani, jembe mukononi. Mvua ilikuwa haijaanza. Wingu lilikuwa bado mbali. Nilimuita, akasema, "Acha nimalize mustari." Basi. Tangu siku ile, wingu likitoka ziwani nalijua kabla sijaliona.

Cirimwami anacheka. "Papa, radi hailipi abonema ya mwezi kwangu," anasema. Umwiza hacheki. Anaondoka kwenda jikoni.

Zamani kazi yake ilikuwa ya pole. Kulikuwa na kampuni moja tu yenye nguvu, na parabole zake zote zilitazama upande wa Sake, jua linakotua, kama watu wanaongoja mugeni. Kisha ikaja ya pili. Dekoda yake ni ya bei ndogo, na parabole yake inalala chali, inatazama juu kabisa. Volkano ikitoa majivu yanajaa humo, picha inakufa mpaka mutu apande kufagia. Hata hivyo watu waliipenda. Kartie nzima ikaanza kuhama. Kampuni ya zamani ikashtuka, ikashusha bei, ikatuma vijana wake nyumba kwa nyumba. Watu wakawa wanabadilisha dekoda kama wanavyobadilisha shati.

Cirimwami alienda na ile mupya. Rafiki yake Éphraïm alibaki na ya zamani. Hawa wawili walikuwa wakibeba ngazi moja, huyu mbele, huyu nyuma. Sasa kila mutu ana ngazi yake.

Na kuna jambo la hapa Goma. Parabole inatakiwa iwe na waya unaoshuka mpaka ndani ya udongo, ili radi ikipiga ipite huko. Hapa chini ni jiwe la volkano. Chuma hakiingii, ukikipiga kinapinda. Kwa hiyo waya unalala tu juu ya jiwe, hauendi popote. Cirimwami alinionyesha siku moja, akacheka tena. Mimi usingizi ulinikimbia.

Ikafika siku ya muchezo mukubwa wa mupira. Mama Daniella ana nganda, watu wanakunywa bia hapo wakitazama televizio. Ana vyumba viwili na televizio mbili. Aliwaita wote wawili. "Atakayepata picha wa kwanza nitabaki naye," alisema. "Mwingine ashushe sahani yake, aende nayo." Walijua maana yake. Kinachoonekana kwa Mama Daniella ndicho Ndosho inanunua. Na kampuni ya Cirimwami ilikuwa imemuambia, asipoleta abone wengi, watu wa kulipa, mwezi ule, arudishe koti lao la kazi.

Mutu wa parabole haioni televizio. Yuko juu, anageuza pole pole. Chini lazima awe mutu wa kumuitikia: bado, bado, rudi kidogo, imeingia. Éphraïm aliitikiwa na Mama Daniella mwenyewe, katika chumba cha pili. Cirimwami aliniomba mimi.

"Papa, si kazi ya kusoma. Ukiona mustari mwekundu kwenye televizio, sema bado. Ukiwa kijani, sema imeingia."

Nilikubali. Angalau ningekuwa karibu.

Walipanda, huyu mwisho huu wa paa, huyu mwisho ule. Watu wakajaa njiani na chupa zao.

"Éphraïm, unafunga parabole ama unaanika majani ya sombe?" Cirimwami aliuliza.

"Cirimwami, sahani yako inatazama mbinguni," Éphraïm alisema. "Basi piga magoti, uombe."

"Na yako inatazama Sake. Huko kuna picha gani, ya mbuzi?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa natazama mustari. Mwekundu.

"Bado," nilisema. "Bado."

Kisha chumba kikawa giza, na muchana ulikuwa bado mukubwa. Nilijua bila kutoka. Nikasikia ngurumo, mbali, upande wa ziwa. Nikaenda mulangoni.

"Cirimwami, shuka."

"Rudi kwa televizio, Papa. Acha nimalize."

Maneno yale yale. Mukono wangu ulishika mulango, ukakataa kuuachia.

Upepo ukaja, mabati yakaanza kupiga kelele. Mama Daniella akatoka. "Mushuke, ninyi wawili. Mutaniletea maiti kwa nganda." Hakuna aliyeshuka. Kila mumoja alikuwa anamutazama mwenzake, atangulie yeye. Nikaona kwamba hawatashuka. Watakaa pale, juu ya mabati, na chuma mukononi, kila mutu akimungoja mwenzake.

Umwiza alikuwa sokoni. Nilianza kutafuta maneno ya kumuambia. Habari ya namna ile, ya mama yake, nilishamupa mara moja.

Nikarudi mbele ya televizio. Umeme wa mbingu ukaangaza chumba chote. Mustari ulikuwa mwekundu.

"Imeingia," nilisema. Hakunisikia. Nikapaza sauti. "Imeingia, Cirimwami. Picha imeingia."

Njiani watu wakapiga miluzi. Nikasikia Éphraïm anatupa ufunguo wake wa kukazia chini. "Basi, kula wewe," alisema, na ngazi yake ikalia, hatua kwa hatua.

Lakini mukwe wangu alikuwa bado juu. "Ngoja nikaze, Papa."

"Usiiguse. Picha ni nzuri sana. Ukiigusa itakimbia. Shuka."

Akashuka. Niliona muguu wa kwanza, kisha wa pili. Ndipo mvua ikaanguka kama mawe.

Aliingia anajipangusa uso. Akatazama televizio. Mama Daniella naye akaja, akatazama.

"Muzee, hii ndiyo picha?"

"Ndiyo."

"Mbona siioni?"

Mustari ulikuwa bado mwekundu. Cirimwami aliugusa kwa kidole.

"Papa, umeniua."

"Hapana," nilisema.

Radi haikupiga paa lile. Nasema kweli, ilipita ikaenda zake. Mvua ilipokwisha, Éphraïm alipanda kwanza, na picha ikaingia kwake kabla muchezo haujaanza. Mama Daniella alibaki naye, na watu wengi wa Ndosho wakamufuata. Cirimwami alirudisha koti. Sasa anafunga parabole za kampuni yoyote, anaitwa hapa na pale. Jioni ya muchezo ule Cirimwami alikula akinipa mugongo. Umwiza alikuwa amesikia yote njiani. Aliweka sahani yangu kwanza, kabla ya ya bwana wake.

Siku hizi wingu likija na mutu yuko juu ya paa, vijana wa kartie wanaita, "Picha imeingia." Wananicheka mimi. Éphraïm anashuka anacheka nao. Cirimwami anashuka amenuna, lakini anashuka.

Mimi sicheki. Nakaa mulangoni nahesabu miguu yao, mpaka yote minne ifike chini. Kisha natazama tena upande wa ziwa.